Saturesheni Inashuka Chini ya Gesi: Dalili, Vyanzo na la Kufanya

“Mukubwa, saturesheni iko inashuka, na tyubu iko ndani.”

Simu nyingi ninazopokea usiku huanza hivyo: oksijeni kwenye damu ya mgonjwa inapungua, ingawa mpira wa kupumulia, tyubu, uko ndani ya koo. Zinatoka Bukavu na Goma, mara moja moja Lubumbashi. Mgonjwa amelala, daktari ameshafungua tumbo, halotheni, gesi ya usingizi, inapita, na mlio wa saturometa, kipimo cha oksijeni kinachovalishwa kidoleni, unazidi kuwa mzito. Anayepiga ni mwuguzi wa usingizi, mara nyingi peke yake ndani ya bloku, chumba cha operesheni, mkono mmoja kwenye ambu, mfuko wa kupumulisha, na mwingine umeshika simu. Nimeandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wanafunzi wa ISTM, chuo cha mafunzo ya tiba, watakaokaa kwenye kiti kile kesho.

Kama unasoma haya huku mgonjwa yuko mezani na namba inashuka, usiendelee kusoma. Fungua oksijeni yote, punguza namba ya vaporaiza, kile kifaa kinachotoa gesi, mpumulishe kwa mkono, mwambie daktari asimame kidogo, ita mtu wa pili. Ukishatulia, rudi.

Gesi inaingiaje katika habari hii

Mwaka 1946 huko Uswidi, Ulf von Euler na Göran Liljestrand walipima presha ndani ya mishipa ya mapafu ya paka. Paka alipovuta hewa yenye oksijeni pungufu, presha ile ilipanda. Mishipa ya mwili mzima hulegea inapokosa oksijeni ili damu ije kwa wingi, lakini midogo ya mapafu hubana. Hubana pale tu ambapo hewa haifiki, na damu iliyokuwa inapita hapo bure inasukumwa kwenda penye hewa.

Mkulima wa mpunga kule bonde la Ruzizi anafanya kazi hiyo hiyo kwa jembe. Hapeleki maji kwenye jaruba lisilopandwa. Anaziba mfereji wake kwa udongo, maji yanageukia jaruba lenye miche. Halotheni, isoflureni na sevoflureni humlegeza mkulima huyu mikono. Mfereji unabaki wazi, maji yanamwagika kwenye jaruba tupu, yaani damu inapita kwenye pafu lililosinyaa na kurudi moyoni bila oksijeni.

Ndani ya msuli wa mshipa mambo huenda hivi: oksijeni ikipungua, milango ya potasiamu hufungwa, ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu inaingia na msuli unakaza. Mbano huanza ndani ya sekunde, hushika vizuri ndani ya robo saa, kisha huendelea kuongezeka kwa saa moja au mbili. Kumbuka muda huo. Ukimgeuza mgonjwa au ukisukuma tyubu kwa bahati mbaya, pafu halijirekebishi papo hapo hata bila gesi.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo wengi wanapotia chumvi. Tunapima gesi kwa CAM, kiwango ambacho nusu ya wagonjwa hawatajitikisa kisu kikigusa ngozi. CAM 1 kwa mtu mzima ni halotheni karibu asilimia 0.75, isoflureni karibu 1.15, sevoflureni karibu 2. Katika majaribio ya mbwa yaliyochapishwa mwaka 1986, isoflureni ya CAM 1 iliondoa karibu moja ya tano ya mbano, na CAM 2 karibu nusu. Kwa hiyo ukiwa CAM 1 au chini yake, usiseme gesi ndiyo imemwangusha mgonjwa. Kuna kitu kingine, na gesi imezuia tu mwili kukifidia. Ukiwa CAM 3 au 4, habari ni nyingine, na nitaisimulia chini.

Dawa za sindano, yaani ketamini, propofoli, thiopentali, fentanili na mofini, kwa dozi za kawaida, haziondoi mbano huo. Hili litunze, maana ndilo mlango wako wa kutokea.

Milima yetu inabadilisha hesabu

Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, Lubumbashi karibu mita 1,200. Bukavu presha ya hewa ni kama milimita 635 za zebaki badala ya 760 za pwani. Oksijeni inayoingia puani ina presha ya kama 123 badala ya 150. Ndiyo maana mtu mwenye afya akisoma 95 au 96 kwenye saturometa kabla ya operesheni, hana ugonjwa. Lakini hana akiba aliyo nayo mtu wa Mombasa. Ili kumpa mgonjwa wa Bukavu kile ambacho mtu wa pwani anakipata bure, unahitaji oksijeni ya asilimia 25 au 26. Kumlaza mtu kwa gesi hapa kwetu kwa hewa tupu, bila kuongeza oksijeni hata kidogo, mimi sikubali, hata kama operesheni ni ya dakika kumi.

Swali ninaloulizwa kila mara: je, vaporaiza inahitaji kurekebishwa kwa sababu ya mwinuko? Kwa vaporaiza za kawaida za halotheni, isoflureni na sevoflureni, hapana. Ukiiweka 1, huku inatoa asilimia kama 1.2, lakini presha ya gesi inayofika kwenye ubongo ni karibu ile ile. Kama una mashine ya kusoma gesi na inaonyesha zaidi ya ulichoweka, usiogope na usipunguze kwa sababu hiyo peke yake.

Dalili ya 1: Inashuka ndani ya dakika chache baada ya mgonjwa kulala

Hapa mbano wa mishipa uweke kando kabisa. Tafuta kwa mpangilio huu, kutoka kinachotokea sana.

Oksijeni haifiki. Kuranti, yaani umeme, imekatika na konsentreta, mashine ya kutengeneza oksijeni, imezima, au imewaka lakini mpira wake umechomoka nyuma ya meza. Fuata mpira kwa mkono, toka mashine hadi mdomoni kwa mgonjwa. Usifuate kwa macho, macho hudanganya. Konsentreta nzuri hutoa oksijeni ya asilimia 90 na kitu, lakini iliyochoka kwa unyevu inaweza kutoa hewa karibu ya kawaida huku taa ya kijani ikiwaka. Silinda ya akiba iwe imefunguliwa na kupimwa kabla mgonjwa hajaingia.

Tyubu haiko pale unapodhani. Kama una kapnografu, kipimo cha kaboni dioksidi kwenye pumzi, hiyo ndiyo hakimu. Kama huna, sikiliza tumbo kwanza, kisha makwapa yote mawili. Ukiwa na shaka kwamba iko kwenye njia ya chakula, itoe na umpumulishe kwa maski. Hakuna aliyewahi kujuta kwa kuitoa.

Tyubu imezama upande wa kulia. Kwa mtu mzima, alama kwenye meno iwe karibu sentimita 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanaume. Ikizama, pafu lote la kushoto halipati hewa. Vuta nyuma sentimita moja moja huku unasikiliza. Hapo ndipo gesi nyingi huongeza madhara, maana damu ya kushoto haizuiwi ipasavyo.

Mirija ya hewa imebana, au makohozi yamejaa. Ambu inakuwa ngumu, unasikia mluzi. Wagonjwa wetu waliopikia makala na kuni ndani ya nyumba kwa miaka wanafika mezani na vifua vilivyokwisha kuchoka. Fyonza, ongeza kina cha usingizi, toa dawa ya pumu uliyo nayo. Halotheni na sevoflureni zenyewe hufungua mirija ya hewa, kwa hiyo hapa, tofauti na kurasa nyingine zote za mwongozo huu, gesi ni rafiki.

Simama, ita msaada: upande mmoja wa kifua kimya, presha inaporomoka, mishipa ya shingo imevimba, ambu ngumu. Hiyo ni hewa iliyojifungia nje ya pafu. Funga gesi, oksijeni yote, na daktari aitoe hewa hiyo kwa sindano mara moja. Picha ya eksirei isubiri.

Dalili ya 2: Inashuka polepole katikati ya operesheni, na kila kitu kinaonekana sawa

97, 95, 93, 91. Tyubu ipo, oksijeni ipo, kifua kinapanda pande zote mbili. Hii ndiyo simu ya saa nane za usiku, na hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa kwanza kazini, hospitali moja kando ya ziwa. Kijana mwenye ngiri iliyonyongwa. Daktari analalamika tumbo limekaza, hawezi kurudisha utumbo. Sikuwa na dawa ya kulegeza misuli, basi nikazungusha vaporaiza ya halotheni: 1.5, 2, kisha 3. Kitufe kilikuwa kigumu, kile kigumu cha thimoli iliyoganda (dawa ya kuhifadhi inayotiwa kwenye halotheni), na nilikizungusha kwa nguvu. Tumbo lililegea, daktari akashukuru. Baada ya dakika kama ishirini mlio ulianza kuzama. 93. Nilikagua konsentreta. 91. Nilikagua tyubu. 89, presha 85 kwa 50. Nikafanya ambacho aliyechanganyikiwa hufanya: nikakagua konsentreta tena.

Mzee aliyenifundisha aliingia akiwa na kandambili. Hakuuliza kitu. Aliangalia vaporaiza, akairudisha hadi 0.5, akachukua ambu kutoka mkononi mwangu, akabana polepole na kushikilia, akihesabu kimoyomoyo, midomo ikitikisika. Akaachia. Akarudia mara tatu. Akaniambia: “Mpe ketamini. Halafu utazame.” Baada ya dakika nne ilikuwa 95. Kijana alitoka akitembea siku ya tano.

Vitu viwili vilikuwa vimekutana, na karibu kila mara ni hivyo viwili. Pafu lilikuwa limesinyaa sehemu ya nyuma, na halotheni ya karibu CAM 4 ilikuwa imefungua mifereji yote kuelekea huko. Kimoja peke yake kingemshusha kidogo. Vyote viwili vilimwangusha.

Sasa vyanzo, kwa mpangilio wa jinsi vinavyotokea.

*Saturometa yenyewe.* Kidole baridi, verni kwenye kucha, presha ya chini, mkono uliobanwa na kipima presha upande huo huo. Hamisha kwenye sikio au kidole kingine. Inachukua sekunde tano. Ujue pia kwamba kwenye ngozi nyeusi mashine hizi mara nyingine husoma juu kuliko ukweli. 92 yako inaweza kuwa chini ya hapo, basi usisubiri ifike 88 ndipo uamke.

*Mgonjwa anapumua kidogo.* Hiki ndicho chanzo kikubwa kwa anayejipumulia mwenyewe kwa halotheni. Gesi hupunguza pumzi, kaboni dioksidi inajaa ndani ya vifuko vya hewa na kuchukua nafasi ya oksijeni. Fanya hesabu ya Bukavu: kwa hewa ya kawaida, mtu mzima mwenye afya ana oksijeni ya kama milimita 78 ndani ya vifuko. Kaboni dioksidi ikipanda hadi 60, inabaki kama 48. Ukimpa oksijeni ya asilimia 30 tu, na kaboni dioksidi ile ile 60, inabaki kama 100. Tofauti hiyo yote imetoka kwenye mpira mwembamba wa oksijeni uliochomeka kwenye vaporaiza ya kuvuta hewa. Ukiwa na mpira mpana wa kuhifadhia oksijeni, lita 1 kwa dakika hufikisha takribani asilimia 35 hadi 40. Na oksijeni ikiwa 48 kila mahali, mbano hauna faida, kwa sababu hakuna jaruba lenye miche la kupelekea maji. Pafu zima linabana na upande wa kulia wa moyo unabeba mzigo. Hapa tiba ni kumpumulisha kwa mkono, na kuongeza oksijeni.

*Pafu limesinyaa.* Mara tu mtu akilala chali chini ya nusukaputi, hewa inayobaki mapafuni mwisho wa pumzi hupungua kwa karibu nusu lita, na sehemu za nyuma hufunga. Hutokea kwa karibu wagonjwa tisa kati ya kumi. Wanene, wajawazito na wenye tumbo lililojaa huumia zaidi. Dawa yake ni ile ya mzee: bana ambu hadi karibu sentimita 30 za maji na ushikilie kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, macho yako kwenye presha. Rudia mara mbili tatu. Kisha acha presha kidogo mwisho wa pumzi, kama 5, ukiwa na kitufe cha PEEP au vali yake, la sivyo pafu linafunga tena. Saturesheni ikirudi, usiache oksijeni kwenye 100 bila sababu. Oksijeni tupu hunyonywa yote na vifuko vinasinyaa upya ndani ya dakika chache. Shuka taratibu hadi pale namba inapobaki salama.

Usifanye kubana huku kwa mgonjwa aliyepoteza damu nyingi na hajajazwa, wala kwa mwenye shaka ya hewa nje ya pafu. Presha yake itaanguka mbele yako.

*Gesi ni nyingi.* Angalia namba kwenye vaporaiza, halafu angalia chupa uliyojazia. Halotheni ikitiwa kwenye vaporaiza ya sevoflureni, mgonjwa anapata gesi nyingi sana kuliko kilichoandikwa, na halotheni ina nguvu karibu mara tatu. Nimeona pia vaporaiza iliyoanguka ikisafirishwa kwa gari kwenye barabara zetu, kisha ikasimamishwa na kutumiwa siku ile ile. Dawa ya maji huwa imeingia kwenye njia ya hewa, na pumzi ya kwanza ni sumu. Iliyoanguka haimgusi mgonjwa hadi fundi wa mashine za hospitali aikague. Usiifungue wewe kwa bisibisi.

Shuka hadi CAM 1 au chini. Pengo lijazwe na ketamini nusu hadi miligramu moja kwa kilo, kidogo kidogo, au na fentanili kama ipo na unampumulisha mwenyewe. Daktari akisema tumbo limekaza, mwambie ukweli: dawa ya kulegeza misuli, sindano ya mgongo tangu mwanzo, au uvumilivu. Halotheni siyo dawa ya kulegeza tumbo. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu bado linafanyika kila wiki.

Simama, ita msaada: ukishatoa oksijeni yote, umempumulisha, umefungua pafu, umepunguza gesi, na baada ya dakika tatu bado uko chini ya 90, operesheni isimame. Funika jeraha. Mtu mwenye uzoefu zaidi yako aje, hata kwa kuamshwa.

Dalili ya 3: Ilikuwa nzuri, ikashuka alipogeuzwa ubavu, au pafu moja lilikuwa bovu tangu mwanzo

Kifua kikuu cha zamani kilichokula pafu la juu, usaha uliojaa upande mmoja, homa ya mapafu. Wagonjwa hawa wanaishi kwa ule mbano. Mwili wao umeshafunga mfereji wa upande mbovu miezi mingi iliyopita, na wanatembea sokoni Kadutu au Birere na kubeba mizigo. Wewe unafika na gesi na kuufungua kwa dakika kumi. Mbano hufanya kazi vizuri zaidi kama sehemu mbovu ni kati ya theluthi moja na theluthi mbili za mapafu, na hao ndio hasa wagonjwa hawa.

Kagua tyubu kwanza. Kichwa kikigeuzwa au kuinamishwa, tyubu husogea. Ukiikuta mahali pake, angalia pafu lipi liko chini. Kwa mtu mzima, pafu zima, yaani lile lisilo na ugonjwa, likiwa chini ni bora, maana damu hushuka kwa uzito wake kuelekea penye hewa. Kwa mtoto mchanga ni kinyume, pafu zima likae juu. Lakini kama upande wa juu una usaha au damu, kuna hatari ya kumwagikia pafu zima la chini. Hapo tyubu ya kawaida na gesi havitoshi, na huyo si mgonjwa wako wa peke yako. Mpeleke panapopatikana daktari wa usingizi na tyubu ya njia mbili, inayopumulisha kila pafu peke yake.

Mapema, kabla ya kisu, chagua ketamini au propofoli iwe msingi, na gesi iwe kidogo au isiwepo. Utafiti kwa binadamu wanaopumulishwa pafu moja umeonyesha kwamba tofauti kati ya gesi ya CAM 1 na dawa za mshipani ni ndogo, basi usijilaumu kama una gesi peke yake na unaiweka chini. Kinachoumiza ni gesi nyingi kwa mgonjwa asiye na akiba.

Na tahadhari moja kuhusu PEEP: kwa mwenye pafu moja bovu, ukiongeza sana presha, unakamua mishipa ya pafu zima na kuisukuma damu irudi kwenye bovu. Ongeza kidogo, tazama namba kwa dakika mbili. Ikishuka, rudi ulikotoka.

Dalili ya 4: Ilishuka baada ya kumpa dawa nyingine au kumshughulikia kwa namna nyingine

Hii husahaulika, na ni fupi. Nifedipini, nitroglisereni na dawa nyingine za kushusha presha hulegeza pia mishipa ya mapafu. Mama mwenye presha ya ujauzito aliyekwisha kumeza nifedipini, kisha akapewa halotheni, amelegezwa mara mbili. Kupumulisha kwa kasi sana kunaondoa kaboni dioksidi kupita kiasi, na damu ikiwa hivyo mbano hudhoofika. Wenye hofu hubana ambu mara thelathini kwa dakika. Hesabu kwa sauti, kumi hadi kumi na mbili kwa mtu mzima. Baridi nayo huudhoofisha. Usiku wa Bukavu msimu wa mvua, mgonjwa akiwa uchi juu ya meza na maji ya baridi yakiingia mshipani, anapoteza joto haraka. Blanketi, kofia, maji yaliyopashwa moto.

Dalili ya 5: Presha inaanguka, mishipa ya shingo inavimba, saturesheni inashuka vyote pamoja

Kwanza ondoa ile hewa nje ya pafu niliyoitaja kwenye dalili ya 1. Isipokuwepo, fikiria moyo wa kulia. Mama kijana mwenye vali ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, mtoto mwenye tundu la moyo, mgonjwa wa mapafu wa muda mrefu. Mishipa yao ya mapafu ina presha ya juu tayari. Hapa tatizo limegeuka: mishipa imebana kupita kiasi, na moyo wa kulia hauwezi kusukuma.

Vinavyoibana zaidi ni vile vile unavyoweza kuvizuia: oksijeni pungufu, kaboni dioksidi nyingi, baridi, maumivu, na asidi kwenye damu. Gesi ya kuchekesha, naitrasi oksidi, huongeza presha hiyo kwa wenye ugonjwa huu. Ifunge. Mpe oksijeni yote, mpumulishe vizuri bila presha kubwa, punguza gesi kwa sababu inadhoofisha pia msuli wa moyo, na shikilia presha ya damu kwa dawa ya kubana mishipa uliyonayo, taratibu.

Simama, ita msaada: mgonjwa wa namna hii hafanyiwi operesheni isiyo ya dharura mahali pasipo na mtu wa kumsaidia huyo wa usingizi. Ukimgundua siku ya mahojiano, kwa kusikia moyo unaounguruma au vidole vya bluu kwa mtoto, mrudishe kwa daktari. Hakuna aibu katika hilo, na ndugu zake ukiwaeleza vizuri wataelewa.

Dalili ya 6: Operesheni imeisha, ametolewa tyubu, anashuka njiani

Sababu ya kwanza ni ulimi umerudi nyuma. Inua kidevu. Ya pili, bado ana gesi mwilini na anapumua kidogo. Mbano nao haujarudi wote, kwa hiyo pafu lililosinyaa mezani bado linavujisha damu. Kama ulitumia naitrasi oksidi, inatoka kwenye damu kwa wingi katika dakika za kwanza na kujaza vifuko vya hewa, ikisukuma oksijeni nje. Ni ya muda mfupi, lakini kwa mwinuko wetu inatosha kumfanya awe bluu kwenye korido.

Kwa hiyo korido haipitwi bila silinda. Mketishe nusu, mwambie akohoe, mpe oksijeni kwa maski hadi aweze kukutajia jina lake na jina la mtaa wake, na saturesheni irudi kwenye namba aliyokuwa nayo asubuhi. Ndiyo maana namba ya asubuhi uiandike kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, kabla hajalala. Mgonjwa wa Goma aliyeanza na 95 usimshikilie chumba cha kuamkia usiku kucha ukingoja 99. Lakini aliyeanza na 97 na anakaa 91 bila maski baada ya nusu saa, usimpeleke wodini. Sikiliza kifua chake tena, pande zote mbili, mgongoni.